Tela Yupi?

Jina langu la mwisho ni Taylor. Naliandika kwa Y, kama Waingereza wenyewe wanavyoliandika, na liko hivyo kwenye pasi yangu ya kusafiria, kwenye diploma yangu ya majokofu na viyoyozi, na kwenye kibao cha karakana yangu hapa Same, ambacho ni kikubwa kuliko vibao vyote vya upande ule wa barabara kuu. Abiria wa mabasi ya Arusha hugeuza shingo wakikiona. Wanategemea kumwona Mzungu amesimama mlangoni. Wanachokiona ni mimi, mtu mfupi mwenye tumbo la heshima, ovaroli safi na kalamu mbili mfukoni.

Nilipokuwa mtoto jina hilo halikuwa na Y. Lilikuwa Tela tu. Babu yangu mzaa baba aliitwa Tela, na hakuna aliyejua jina lake jingine wala ukoo wake. Alikuja na manamba, wale vibarua wa mkataba waliotolewa mikoa ya mbali kuja kukata mkonge kwenye mashamba ya tambarare, na mkataba ulipokwisha hakurudi kwao. Alioa, akazaa, akafa, akatuachia jina. Kwa huku Upareni hilo si jambo dogo. Mtu wa huku akikutana na mgeni humwuliza kwanza ukoo, mvua baadaye. Sisi tukiulizwa tulisema "sisi ni wa Tela." Muulizaji alinyamaza akisubiri tuendelee, kumbe tulikuwa tumemaliza.

Baba yangu ndiye aliyeniondolea aibu hiyo. Aliniambia kwamba meneja wa shamba la mkonge alikuwa Mwingereza aitwaye Taylor, na kwamba alimpenda babu kwa uchapakazi wake hata akampa jina lake. Sikuhitaji kuambiwa mara mbili. Wenzangu walikuwa na koo za mlimani, zenye mipaka ya mashamba na mifereji ya maji, na mimi nilikuwa na ukoo wa Uingereza.

Nikaenda Uingereza. Hakuna aliyenipeleka. Sikuwa na mjomba serikalini wala mfadhili wa kanisa. Nilitengeneza friji za mabaa na mabucha Dar es Salaam mpaka nikajipeleka mwenyewe, na nilipofika kule nikawa naosha vyombo hotelini mchana na kusoma jioni. Wengi niliosafiri nao waliishia kwenye vyombo. Mimi niliishia kwenye diploma.

Jioni ya kwanza darasani mwalimu alisoma majina. Alipofika kwa Taylor, tuliitika watu watatu: mzee mmoja mwembamba, msichana mwenye nywele za kijani, na mimi. Darasa zima likacheka. Mimi moyo uliniruka. Nikasema moyoni, ndio hawa, ndugu zangu. Tulipotoka kupumzika niliwafuata nikawauliza wana undugu gani wao kwa wao, ili nijue mimi niingilie wapi. Walitazamana kama watu walioulizwa swali la kichawi.

Yule mzee alikuwa ametengeneza magari ya aiskrimu maisha yake yote, na alikuja kutafuta cheti uzeeni kwa sababu sheria zilibadilika. Akaninunulia chai, akanieleza. Alisema Taylor ni fundi wa nguo. Zamani sana watawala waliovuka bahari kutoka upande wa Ufaransa walikuja na lugha yao, na katika lugha hiyo kulikuwa na neno la kukata. Mkata vitambaa akaitwa kwa neno hilo. Kila kijiji kilikuwa na mkata vitambaa wake, na watu wa kijiji, ili wamtofautishe na wengine wenye jina kama lake la ubatizo, walimwita kwa kazi yake. Watoto wakarithi jina hata kama hawawezi kutunga uzi kwenye sindano. Waandishi wa zamani kila mmoja aliliandika anavyolisikia, wengine kwa I, wengine kwa Y, mpaka Y ikashinda.

"Ndiyo maana tumejaa," aliniambia. "Ukirusha jiwe mjini hapa utampata Taylor. Lakini hatuna undugu hata kidogo. Babu zetu walishika mkasi, basi."

Nililichukua neno lake la kwanza, kwamba tumejaa, nikaliacha la pili. Jina lililoenea hivyo ni jina lililofaulu, na mimi napenda vitu vilivyofaulu.

Nilirudi nyumbani na diploma yangu, nikafungua karakana, nikajenga nyumba ya vigae. Kile chumba cha baridi ambacho wachuuzi wa samaki wa bwawa la Nyumba ya Mungu wanakitumia pale Mwanga nilikijenga mimi. Kabla yangu perege walikuwa wanafika sokoni wamechoka kuliko wanunuzi. Sasa wanafika wamelala kwenye barafu, macho yanang'aa. Nayasema haya kwa sababu ni kweli, na kwa sababu nisipoyasema mimi, watu wa Same hawatayasema.

Kitu kimoja tu nilikuwa sina. Nilikuwa nimevuka arobaini na sina mke.

Ndipo zahanati moja ya Usangi ikaniita kwa sababu ya jokofu la chanjo. Nilipanda mlima na pikapu yangu, nikamkuta nesi amesimama mlangoni amekunja mikono.

"Wewe ndiye fundi?"

"Mimi ni mtaalamu wa majokofu," nikasema. "Nina diploma ya Uingereza."

"Haya, mtaalamu. Fundi wa kwanza alisema ni kompresa. Wa pili naye akasema ni kompresa. Wewe wa Uingereza unasemaje?"

Nikafungua nyuma, nikapima, nikasikiliza, nikapima tena.

"Kompresa," nikasema.

Alicheka mpaka akashika meza. Jokofu lilipona siku ileile, kwa sababu mimi nilikuja na kompresa na wale wawili walikuja na maneno. Lakini kile kicheko kilinirudisha Usangi mara nyingi kuliko jokofu lolote linavyohitaji kukaguliwa. Na kila nilipofika aliniita Fundi, makusudi, na kila mara nilimsahihisha, na kila mara alisema, "Samahani, Fundi."

Tulipokubaliana kuoana, alinieleza kwamba wazazi wake wote wawili ni marehemu, kwamba amelelewa na shangazi yake, dada mkubwa wa baba yake, na kwamba hakuna litakalofanyika bila neno la shangazi huyo. Nikasema hakuna shida. Mwanamke gani mwenye akili atamkataa mtu kama mimi?

Nilimchukua jirani yangu awe mshenga. Ni dereva wa lori mstaafu, mtu wa maneno machache ya kuchagua. Njiani alinikumbusha utaratibu: mshenga ndiye anayesema, mwoaji anakaa, anaangalia sakafu, anaonekana ana adabu. Nikamwambia nimeelewa. Nilikaa kimya kadiri nilivyoweza, yaani mpaka chai ilipoletwa.

Shangazi yake alikuwa bibi mnyoofu, mwenye kilemba cheupe, aliyekaa kwenye kiti chake kama mtu aliyeitishwa kutoa hukumu. Alimwuliza mshenga, "Na huyu kijana ni wa nani?"

"Ni kijana wetu wa Same," mshenga akaanza taratibu. "Ni fundi wa mafriji..."

Sikuvumilia. Nikaweka kikombe chini, nikaingia mwenyewe. Nilimweleza bibi habari za Uingereza, za diploma, za chumba cha baridi, za vigae. Kisha nikafika kwenye jina, ambalo huwa naliweka mwisho kwa sababu ndilo linalowamaliza watu.

"Shangazi, jina letu ni la Kiingereza. Ni Taylor, ila huku nyumbani wanatamka Tela. Na Upare wote, kuanzia huku Usangi mpaka Gonja, hakuna nyumba nyingine yenye jina hilo. Ni sisi peke yetu. Ukisikia Tela, ujue ni damu moja."

Mshenga alinikanyaga mguu. Nilidhani ni bahati mbaya.

Bibi aliacha kunywa. "Umesema Tela?"

"Tela."

"Damu moja?"

"Damu moja, shangazi. Hiyo haina ubishi."

Akageuka kumwangalia nesi, ambaye alikuwa amesimama mlango wa jikoni na sinia la mihogo. "Mwanangu, weka hilo sinia. Babu yako aliitwaje?"

Nesi akataja jina la ubatizo, lile ninalolijua, kwa sababu ndilo jina lake la tatu.

"Hilo la kanisani. Huku mtaani walimwitaje?"

Nikaona uso wa nesi unabadilika kabla hajafungua mdomo.

"Mzee Tela," akasema.

Bibi akanieleza, na sikupenda jinsi alivyonieleza polepole. Baba yake alikuja Usangi kutoka mashamba ya mkonge, cherehani kichwani, mtu asiye na ukoo unaojulikana. Akaoa hapo, akashona nguo za watu mpaka uzeeni. Lakini kila mwisho wa mwezi, manamba wanapolipwa, alishuka tambarare na cherehani yake kwenda kuwashonea, na alikaa huko siku kadhaa.

"Mama yetu alikuwa akimwuliza, unalala wapi huko? Anajibu, 'Kwa watu.' Miaka yote ni hilo tu, kwa watu." Bibi akanitazama kuanzia kiatu mpaka nywele. "Leo ndiyo nawaona hao watu."

Nikakumbuka yule mzee wa magari ya aiskrimu. Nikasema haraka haraka kwamba Uingereza kina Taylor wamejaa na hawana undugu, kwamba ni jina la kazi tu, kwamba kila kijiji kilikuwa na wake.

"Umesema ni damu moja sasa hivi. Chai bado ya moto."

"Shangazi, pale nilikuwa natia chumvi."

"Kwenye damu za watu?"

Mshenga aliangalia sakafu kwa niaba yangu.

"Sikiliza," bibi akasema. "Kama babu yenu ni mmoja, huyu ni dada yako, na huku kwetu dada haolewi. Nenda ukalete mtu aliyemjua babu yako kwa macho. Asije kunieleza ya Uingereza. Mpaka hapo hakuna posa, na pikapu yako nisiione hapa."

Watu wamezoea kuniona mtu wa kujiamini. Siku zile sikuwa hivyo. Nilifunga feni ya jokofu la bucha kinyumenyume, likawa linapuliza joto. Nilijitazama kwenye kioo cha gari nikaona mwanya wangu wa meno ya mbele, nikakumbuka kwamba na yeye ana mwanya. Nusu ya watu wa wilaya hii wana mwanya, najua, lakini mtu akiwa na hofu hahesabu wilaya. Niliangalia masikio yangu, nikajaribu kukumbuka masikio yake.

Nesi akapiga simu jioni.

"Shikamoo, kaka," akasema.

"Usiniite kaka."

"Nikuiteje sasa? Mimi nilishazoea Fundi."

"Niite Fundi."

Ilikuwa mara ya kwanza mimi kulikubali neno hilo, na wote wawili tulijua maana yake. Kisha akasema, kwa sauti ndogo, "Nenda kalete huyo mtu. Hata kama jibu ni baya, ulilete wewe."

Mtu alikuwa mmoja tu. Babu alizaa watoto wawili waliokua, baba yangu na dada yake. Baba hayupo. Shangazi yangu yuko Kileo, aliolewa huko akitokea kambi ya mkonge, na mpaka leo analima maharage na kugombana na majirani kuhusu zamu za maji. Ana ulimi. Katika ukoo wetu mdogo kila mtu amewahi kuchanwa nao.

Nilimkuta anapepeta maharage uani.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Mbona mikono mitupu? Mzungu gani wewe?"

Nikakaa kwenye kigoda nikamweleza yote. Aliendelea kupepeta. Nilipofika kwa meneja Mwingereza, ungo ukasimama.

"Mzungu yupi?"

"Taylor. Meneja wa shamba, aliyempa babu jina."

"Meneja wa shamba letu alikuwa Mgiriki," akasema. "Na babu yako alikuwa akimwona tu, anakimbilia kujificha kwenye mkonge. Nani alikuambia habari hizo?"

"Baba."

Alicheka kwanza kwa mabega, halafu kwa sauti, mpaka kuku wakaondoka. "Kumbe aliendelea nayo! Baba yako alipoanza shule wenzake walimcheka sana kwa jina hilo. Akamtunga Mzungu. Nilikuwepo, tulikuwa tunachota maji. Mwanzoni huyo Mzungu alikuwa na farasi."

"Walimcheka kwa nini? Tela kuna ubaya gani?"

"Hujui trekta na tela?"

Akaweka ungo pembeni akanisimulia. Mama yake, yaani bibi yangu, alikuwa mwanamke wa miraba minne, akipita kambini kila mtu anajua amepita. Na babu yangu alikuwa nyuma yake. Akienda kisimani, yuko nyuma. Akienda gulioni, yuko nyuma na kapu. Akienda kanisani, msibani, kliniki na mtoto, yuko nyuma, hatua chache tu, hasemi neno, ameridhika. Wakati huo shamba lilikuwa limeleta trekta mpya na tela lake la kubebea mkonge. Manamba hawakuwahi kukosa la kuchekea. Bibi wakamwita Trekta. Babu wakamwita Tela.

"Trekta likipita," akasema shangazi, "tela haliko mbali."

Nilikaa nikiangalia maharage. Nataka niseme kweli jinsi ilivyokuwa. Miaka yote ile nilikuwa nimebeba Uingereza mabegani, na mwanamke mmoja wa Kileo ameichukua akaitupa kwenye makapi. Ilikuwa iniume. Badala yake nilisikia kitu kinalegea kifuani, kwa sababu akili yangu, ambayo ni nyepesi, ilikuwa imeshafika mbele.

"Shangazi, mtu wa namna hiyo angeweza kuwa na nyumba nyingine? Usangi, kwa mfano?"

"Babu yako? Alikuwa hapati usingizi mama akichelewa jikoni!"

"Basi huyo Tela mwingine, fundi wa nguo..."

"Yule mrefu wa miwani?" Uso wake ukachangamka. "Alikuwa anakuja mwisho wa mwezi, anaweka cherehani yake pale karibu na ghala la singa za mkonge. Huyo kweli alikuwa tela, wa kushona. Basi ikawa vurugu. Mtu akikuambia Tela anakuita, lazima uulize, Tela yupi? Wa nguo au wa mkewe?"

"Ulikuwa unawaona wote wawili?"

"Nilikuwa nawaona wanakula sahani moja! Unadhani alikuwa analala wapi?"

Nikainuka nikamwambia avae viatu.

Njia yote ya kupanda mlima shangazi alilalamika kuhusu kona, na mimi nilikuwa naona kona nzuri tu. Tulipofika, bibi wa Usangi alikuwa nje anaanika mahindi. Alimwona shangazi yangu anateremka, akajifuta mikono kwenye khanga. Wakaanza kutazamana nani amwamkie mwenzake.

"Wewe umezaliwa lini?" akauliza shangazi yangu.

"Mwaka wa nzige."

"Mimi nzige nimewala. Niamkie."

"Shikamoo," akasema bibi wa Usangi, kwa shida. Ndani ya nyumba nikamsikia nesi anakohoa ili asicheke.

Tuliingia, na bibi hakuzunguka. "Huyu mtoto anasema mengi," akasema akinionyesha kwa kidevu. "Nitajuaje kama hajakufundisha la kusema?"

"Anifundishe huyu?" Shangazi yangu akaangalia dari. "Huyu hata jina lake alikuwa halijui mpaka leo asubuhi."

Niliacha lipite. Kuna wakati wa kujitetea na kuna wakati wa kukaa.

Akasimulia. Akamweleza Trekta na Tela bila kunionea huruma. Akamweleza fundi mrefu wa miwani, cherehani karibu na ghala, na ile kazi ya kuuliza Tela yupi. Bibi alisikiliza bila kutikisika. Ndipo shangazi yangu akasema:

"Gauni langu la kwanza la shule alinishonea yeye. Mama alitaka linikae vizuri. Yeye akakataa. Akakunja pindo kwa ndani, pana kama kiganja hiki, akaniambia, 'Hilo ni la kukua.' Nilikuwa nalitoa kidogo kidogo kila nikirefuka. Nilivaa gauni lile mpaka nikaona aibu."

Bibi wa Usangi aliinama, akashika chini ya gauni lake mwenyewe, akaligeuza upande wa ndani. Pindo lilikuwa pana kama kiganja.

"Alitushonea wote hivyo," akasema. "Mpaka leo siwezi kuvaa gauni lisilo na pindo la kukua. Na nimeacha kukua tangu lini!"

Wakacheka wote wawili, halafu bibi akaacha kucheka, na nikaona kwamba swali alilokuwa nalo siku zote halikuwa langu wala la nesi.

"Alikuwa analala kwenu?"

"Kwetu. Sebuleni, kwenye mkeka."

"Peke yake?"

"Na cherehani. Alijifunga kamba mguuni, upande wa pili akaifunga kwenye cherehani, ili mwizi akiivuta aamke. Mama yangu alikuwa anamwambia, siku moja utaondoka na mwizi."

"Kwa watu," bibi akasema taratibu. "Kumbe ilikuwa kweli, kwa watu." Akajipangusa macho kwa ncha ya kilemba. "Mama yetu alikufa anamdhania vibaya. Na mimi nikamrithi kwa kumdhania."

Shangazi yangu, ambaye sijawahi kumwona akimshika mtu, akamshika mkono.

Baada ya hapo walisahau kwamba nipo. Niliona ndiyo nafasi ya kuweka mambo sawa kitaalamu, nikaanza kueleza kwamba kwa mujibu wa asili ya jina, watu wa nyumba hiyo ndio kina Taylor hasa, kwa sababu mzee wao aliitwa kwa mkasi kama babu za Waingereza walivyoitwa, na kwamba hivi ndivyo jina linavyojaa nchi bila damu kuchanganyika. Nilikuwa naeleza vizuri sana. Bibi akanikatiza.

"Kijana, mwambie mshenga wako alete posa. Aje yeye, azungumze yeye." Akamgeukia shangazi yangu. "Hivi huko Kileo maharage mnapanda lini?"

Nikawaachia maharage yao, nikatoka nje. Hewa ya Usangi ilikuwa baridi na safi, na huko chini tambarare ilionekana yote, na bwawa likimetameta mbali. Nilivuta pumzi kama mtu aliyetoka chini ya gari. Nesi akanifuata kibarazani, akasimama karibu yangu, karibu kuliko dada anavyosimama.

"Kwa hiyo," akasema, "umeenda mpaka Uingereza kutafuta ukoo, kumbe wewe ni tela la trekta."

"Tela lenye diploma," nikamwambia.

Akacheka mpaka akashika nguzo ya kibaraza. Kutoka ndani shangazi yake akauliza kwa sauti wageni watakula ugali au makande. Nilikuwa sijala chakula nikakisikia ladha tangu siku ile ya chai, nikajibu kabla hajamaliza kuuliza.

"Vyote, shangazi."